Mshale wa Mafuta

Siku ile mjinga alikuwa Nyange, na mwenyewe hakubisha. Alishuka kununua maandazi, akaacha ufunguo kwenye pikapu, mwizi akaondoka nayo kuelekea gulioni. Sajenti Luhende, aliyekuwa kwenye doria hapo karibu, akawasha king'ora.

"Panda, tumfukuze!"

Nyange akasimama mbele ya gari la polisi, maandazi mkononi. "Afande, leo gulio. Kina mama wamepanga nyanya mpaka barabarani, na watoto wao wapo hapohapo. Mshale wangu wa mafuta umekwama, kila siku unasema tangi limejaa. Ndani hamna hata kikombe. Twende taratibu."

Luhende alisonya, lakini amri ya kutofukuza magari penye watu aliijua. Akazima king'ora.

Gulioni wakaambiwa mwizi kapita polepole, akiomba njia kwa adabu, maana hakuna aliyemfukuza. Walimkuta mbele kidogo, jasho linamtiririka, anaisukuma pikapu kilimani. Watu wakashangilia.

"Ningemkamata mapema," Luhende alinung'unika akimfunga pingu. "Mtu anaacha ufunguo kwenye gari, halafu ananifundisha kazi!"

Nyange akammegea andazi. "Mjinga mmoja kwa siku anatosha, afande."