Kisahani cha Maji Matupu

Kilima kilichomoza kwenye skrini, mahali hasa ambapo fundi wa maabara alikuwa ameomba pabaki tambarare. Alikodoa macho. Mafua yalimsumbua tangu asubuhi, na barakoa ilikuwa imeteremka kidevuni bila yeye kukumbuka kuipandisha.

Kisahani kile kilipakwa chembe za fedha na kutegwa kinase mfuatano mmoja tu wa vinasaba: ule uliomwua baba yake. Mwali wa leza ukikipiga, ugonjwa ukiwepo kilima huinuka. Usipokuwepo, mstari hulala.

Damu ilikuwa ya mdogo wake, aliyekaa kwenye benchi pale nje na mimba yake ya kwanza.

"Nitamwambia nini mimi?" alimwuliza mwenzake aliyeingia punde hiyo, waliyempachika jina Glavu kwa kuwa, walisema, hata chai huinywa amezivaa.

"Usimwambie kitu. Mashine hii ina pua kali kuliko paka. Ukiipulizia pumzi tu, inakusoma wewe badala ya mgonjwa. Maji matupu, yasiyo na damu ya mtu, uliyapima?"

"Niliyaandaa pamoja na damu. Kabla sijayapima nikaona hiki, nikaacha kila kitu."

"Basi pisha. Nachota damu upya kwenye chupa, naanza moja."

Alitoka nje. Mdogo wake alimtazama usoni, akajaribu utani.

"Shangazi si alisema mwenye sura ya baba ndiye mrithi? Wewe ni mama mtupu, umepona. Mimi nimerithi pua, na balaa juu yake."

"Shangazi naye! Anajua nini?" alisema dada, akimshika mkono.

Lakini maneno yale ya shangazi yalikuwa mto wake wa kulalia tangu utotoni. Maabara ilimfundisha kwamba sura si hoja, ila moyo hausomi vitabu. Amepima watu wasio na idadi, mwenyewe hajajipima hata siku moja. Alimwonea mdogo wake huruma, huruma ya aliye ng'ambo ya mto, na ikamtia aibu.

Glavu alimwita ndani. Mstari ulikuwa umelala tuli, mwanzo hadi mwisho.

"Mdogo wako ni mzima. Nimerudia, nikarudia tena."

Alitoka mbio. Wakakumbatiana pale kwenye benchi, wakalia, wakacheka, wapita njia wakageuza shingo. Aliporudi ndani, Glavu alikuwa ameshaweka chini ya leza kile kisahani cha maji matupu alichokiandaa mwenzake.

"Kuna aliyechafua kazi yako ya kwanza," alisema polepole. "Nani mwingine aliyegusa visahani hivi?"

"Hakuna. Nilijifungia humu peke yangu," alijibu, kicheko bado kinywani. "Kwani vipi?"

Glavu alisogea pembeni ili mwenzake, barakoa bado kidevuni, aione skrini.

Maji matupu yalikuwa yameota kilima.