Kijana Aliyeachia Kamba

Elie aliachia kamba, na timu nzima ikaburutwa kifudifudi kwenye majani.

Ilikuwa siku ya familia ya kanisa, juu ya kilima kinachotazama mji wa Likasi. Walikuwa wakishindana kuvuta kamba. Elie, kijana mwenye mabega mapana, alikuwa akiwashikilia wenzake wote. Kisha Pasta Casimir akamwongeza Mama Marceline nyuma yake. Elie aligeuka, akamwona, akaachia kamba kama mtu aliyeshika chuma cha moto, akaenda zake kwenye miti.

Mama Marceline aliinuka, akakung'uta kitenge chake kipya.

Hakuwa amepanda kilima kwa ajili ya michezo tu. Alikuwa na depo ya unga karibu na soko, na mfanyakazi wake alikuwa ameacha kazi akaenda kuchimba kobalti. Alitaka kijana mwenye nguvu wa kubeba magunia, tena mwaminifu wa kuachiwa funguo. Sephora, binti yake, ambaye kwa kawaida hakumsifu mtu yeyote, alikuwa amemsifu Elie juma zima. Hanywi pombe. Anasali. Amelelewa na bibi yake kijijini, upande wa Kapolowe.

"Na asipopata kazi kwangu?" Mama Marceline alikuwa ameuliza.

"Atarudi Kapolowe kulima," Sephora alijibu, akitazama kucha zake.

Basi mama akasema atamtazama kijana huyo siku nzima, kule kilimani, na jioni atatoa jibu. Sephora alikwenda kumwambia Elie siku ileile.

Baada ya kamba, familia zilitawanyika na watoto kutafuta masuku, maana matunda hayo yalikuwa yameiva. Njia ilikuwa nyembamba. Mama Marceline alikuwa akishuka, Elie akipanda na mtoto wa watu mabegani. Alipomwona, Elie aliingia kwenye majani marefu, akampa mgongo, akasimama hivyo mpaka mama alipopita. Mtoto peke yake ndiye aliyegeuka kumpungia mama mkono.

Saa ya chakula ilikuwa mbaya zaidi. Mama Marceline aligawa bukari, yaani ugali, sombe ya majani ya muhogo na samaki kutoka sufuria zake mwenyewe. Elie hakuja kwenye mstari. Alimtuma mtoto amchukulie sahani, akashukuru kutoka mbali akitazama viatu vyake, kisha akaibeba mpaka nyuma ya mwamba na kula peke yake.

Arlette, muuza nyanya, alikuwa na sauti inayosikika bila kuitwa.

"Mama Marceline, ule mutoto anaomba sana. Pengine Mungu amemuonyesha kitu juu yako."

Watu wakacheka. Kisha wakaacha kucheka. Mama aliyefuata kwenye mstari alikumbuka kwamba amefunga. Mwingine alisema wanawe wameshiba masuku. Sufuria ya samaki ilibaki nusu, na Mama Marceline, ambaye alikuwa amelipikia kanisa hilo tangu lilipokuwa la maturubai, aliifunika.

Sephora alikwenda nyuma ya mwamba. Kutoka mbali ilionekana mikono yake tu, ikipanda na kushuka kwa hasira. Aliporudi alisema Elie ana aibu, ndivyo alivyo, atazoea.

Pasta alijaribu kutengeneza mambo kwa picha. Aliwapanga wote, akamwita Elie asimame karibu na Mama Marceline. Elie akasema afadhali yeye apige picha. Pasta akasema simu yake inapiga picha yenyewe. Elie akaenda mwisho kabisa, nyuma ya mtu mrefu kuliko wote. Katika picha ile lilionekana sikio lake tu.

Hapo Mama Marceline akatoka kwenye safu na kumfuata. Watu wote waligeuka kutazama, hata Arlette.

"Weye mutoto. Minye niko mulozi, niko muchawi?"

"Hapana, Mama." Macho yake yalikuwa chini.

"Chakula yangu iko na sumu?"

"Hapana. Ilikuwa muzuri sana."

"Basi angalia minye."

Elie alipiga goti moja. Aligeuza uso pembeni, akakunja viganja na kupiga makofi polepole, makofi ya mlio mzito, kama wanavyofanya wazee wa vijijini. Hakuinua macho. Jasho lilimdondoka puani wala hakulipangusa.

Mama Marceline aliitazama ile mikono. Kisha akamtazama Sephora, ambaye alikuwa ameinama akiokota masuku ambayo hakuna aliyeyaangusha.

Hakuuliza tena. Alimwambia Pasta kwamba mvua inakuja, watu washuke.

Walishuka kwa mstari. Elie alikuwa mbele kabisa, nusura akimbie. Mama Marceline alikuwa wa mwisho, na sufuria kichwani, na Sephora mbele yake.

"Ile kazi hapati," mama alisema.

Sephora alisimama. Alisema kwa sauti ndogo kwamba Elie ana nguvu, kwamba hajawahi kuiba hata kijiko. Alisema mama amhurumie, maana sasa kijana hana njia nyingine, kesho atapanda taxi-bus na kurudi Kapolowe.

"Aende," Mama Marceline alisema. "Bazee yake bako kule. Abalete Jumamosi. Na weye tembea, mvua itatunyeshea. Kule kwabo mukwe haangalie mama-mukwe usoni, na minye siwezi kumubebesha mukwe yangu magunia."