Bi Ngiri Aonja Chumvi

Zamani, sufuria zilipokuwa bado hazina vifuniko, Bi Ngiri alimwapia mama mkwe wake, Bi Nungunungu, kwamba ameacha kudokoa.

Siku moja akampikia muhogo wa nazi. Akadondosha mchuzi kiganjani, akalamba, chumvi ilikuwepo. Lakini chumvi ya mchuzi si chumvi ya muhogo, akajisemea, akaonja kipande. Nacho kipande kimoja hakiwezi kuwasemea wenzake, basi akaonja cha pili, akaendelea hivyo mpaka vyote vikatoa ushahidi.

Mkwe akaja na njaa yake, akachungulia sufuriani, akaona mchuzi mtupu.

“Mwanangu, umedokoa tena?”

“Haki ya Mungu sijala, mama. Nimeonja tu. Chumvi imekolea kila kipande.”

Bi Nungunungu akasogeza sahani. “Hongera. Basi nipakulie hiyo chumvi.”