Kurudia Kemia

"Shikamoo, mwalimu," wanafunzi walimwamkia kwenye mlango wa chumba cha mtihani, wakampisha apite mbele.

"Marahaba," aliitikia kwa mazoea. Kisha akaenda kusimama mwisho wa foleni yao.

Foleni nzima ikageuka. Msichana aliyekuwa mbele yake, ameshika shavu kwa kiganja, alimtazama viatu, akamtazama mvi, akaishia kwenye penseli mbili zilizochongwa zilizokuwa mkononi mwake.

"Kumbe na wewe unafanya?"

"Narudia."

Kicheko kilipita kwenye foleni. Hakikuwa cha ubaya, lakini kilimwingia mpaka kwenye mifupa. Alikuwa amesafiri kwa basi kwa muda wa saa tano ili afanye mtihani huu mahali ambapo hakuna anayemjua, na bado alitamani ardhi ipasuke immeze. Nyumbani aliaga anakwenda semina. Mkewe alimpigia pasi mashati matatu, akamwambia asisahau kula.

Msimamizi wa mtihani, mama mmoja aliyening'iniza miwani kifuani, alilinganisha picha ya kitambulisho na uso wake mara mbili.

"Jana Biolojia, leo Kemia. Unataka kusomea nini, kaka yangu?"

Alishusha sauti. "Udaktari wa meno."

"Udaktari wa meno!" mama akarudia, na korido nzima ikasikia. "Hongera kwa moyo huo. Ila umechelewa kidogo."

"Nimechelewa sana, dada."

Dawati lilikuwa la watoto. Magoti hayakuingia, ikabidi akae upande upande kama abiria aliyebanwa.

Miaka ishirini na mbili nyuma aliufanya mtihani huu huu, na magoti yakaenea vizuri tu. Baba yake alikuwa fundi cherehani, na hakuwa na subira ya kungoja matokeo. Alishona koti jeupe, akalitundika dukani mahali ambapo kila mteja angeliona. Mtu akija kupimwa suruali anaambiwa, "Hilo ni la mwanangu, daktari wa meno." Mtaa mzima ukaanza kumwita kijana Daktari kabla ndevu hazijamwota sawasawa.

Matokeo yakatoka. Kemia alipata sifuri. Alikunja ile karatasi mara nne, akaisukumia ndani ya soksi, akaenda dukani. Baba hakuuliza kwa mdomo. Alisimamisha cherehani tu, akamtazama.

"Nimepita," kijana alisema.

Mzee alilia mbele ya wateja. Sasa baada ya machozi yale, nani angeweza kuvua soksi? Akajipa moyo kwamba atarudia mwaka unaofuata, kimyakimya. Mwaka unaofuata ukawa na visingizio vyake, na uliofuata huo ukawa na vyake. Mzee alifariki mwaka juzi, na ile karatasi hakuna mwingine aliyewahi kuisoma.

Biolojia ya jana ilikuwa afadhali. Kulikuwa na mchoro wa jino lililokatwa katikati, akaujaza bila kupumua, akaongeza na sehemu ambazo hazikuulizwa, halafu akashtuka akazifuta.

Kemia haikumwonea huruma. Swali la tatu lilitaka asawazishe mlinganyo. Alipousawazisha kushoto, kulia kukazidi. Kalamu za watoto zilikimbia pande zote. Jasho lilimdondoka kwenye karatasi, akalipangusa na mkono wa shati lililopigwa pasi. Alijibu maswali manane kati ya kumi na moja. Matatu ambayo hakuyajua aliyaacha wazi. Kubahatisha alikuwa amekoma.

Nje, alimkuta yule msichana ameegemea ukuta, machozi yanamtoka.

"Jino limekuanza lini?" alimuuliza.

"Siku ya nne leo. Hata sijui nimeandika nini mle ndani." Alipangusa uso. "Kuna mtu karibu na stendi wanasema anang'oa haraka. Nakwenda sasa hivi."

"Usiende!"

Msichana aliruka. Hata yeye mwenyewe alishtushwa na ukali wake, akashusha sauti. "Nenda hospitali, mwanangu. Hata kama utakaa foleni mpaka jioni. Mtu akikuambia anang'oa haraka, kwanza muulize alisomea wapi."

"Mzee, na wewe!" Msichana alicheka huku analia. "Si ndiyo kwanza unarudia Kemia?"

Aliinamisha kichwa. "Ndiyo."

Alimsindikiza mpaka getini, akasimama pale mpaka alipoona ameshika njia ya hospitali na si ya stendi. Ndipo akawasha simu. Haikumaliza hata dakika, ikaanza kuita.

"Uko wapi wewe?" Ilikuwa sauti ya mwanamke aliyefanya naye kazi kwa miaka kumi na minne. "Nimepiga mpaka kidole kimeota sugu! Yule mama wa Jumatatu amerudi. Taya limevimba, jicho halifunguki, na homa inapanda. Hata mate hawezi kumeza."

Aliketi kwenye ngazi, katikati ya wanafunzi waliokuwa wakibishana majibu ya swali la tatu.

"Mchukulie teksi," alisema. "Mpeleke hospitali kuu, sasa hivi, usingoje hata kidogo. Waambie anahitaji daktari wa meno."

Kwa mbali alisikia vyuma vikigongana kwenye beseni, na mtu akiguna kwa maumivu.

"Sasa jamani, Daktari," yule mwanamke alisema polepole, "daktari wa meno si ndiye wewe?"