Zizoe Zote

“Zizoe zote,” mwenye duka la rangi alimwambia fundi wa kompyuta. “Mke wangu asibakishiwe hata moja.”

Fundi alikuna kichwa. “Mzee, si lazima. Barua pepe zikikaa kwenye seva, mama ataziona kwenye simu yake, nawe utaziona hapa dukani.”

“Na akizifuta?”

“Huku nako zitafutika.”

“Hapo sasa! Nipe ile njia nyingine.”

Njia nyingine ilikuwa rahisi: kompyuta ya dukani inazivuta barua zote, seva inabaki tupu, na simu ya mke haioni kitu. Nywila ya mke alikuwa nayo. Barua za shule, za benki, za hospitali, zote zilipitia anwani ya mke, maana yeye mume hakuwa na muda wa upuuzi huo.

Sasa mke kanogewa. Wiki nzima simu haimtoki mkononi. Akiulizwa, anasubiri barua. Ya nani? “Ikija nitakwambia, baba watoto. Sitaki nikutie hofu bure.” Ebo! Mwanamume mzima aambiwe hivyo nyumbani kwake? Laini ya simu ya mke alishaivunja siku ile aliposikia sauti ya kiume ikimpigia, na kutoka nyumbani akampiga marufuku. Ilibaki intaneti ya nyumbani tu.

Jumatano hiyo, fundi alipomaliza kazi, alirudi nyumbani akipiga mluzi. Mke alimletea maji na kidonge chake cha mgongo, macho kwenye simu.

“Bado kimya?” alimuuliza kwa sauti tamu.

“Bado.” Mke alikuwa karibu kulia.

Roho yake ikaburudika. Akameza kidonge. Alhamisi akameza, Ijumaa akameza, Jumamosi akameza. Miguu ilianza kumvimba, lakini nani ajali miguu wakati mke anahangaika namna ile? Kompyuta hakuigusa. Alitaka barua zijae kwanza, amnase barabara.

Jumatatu alijifungia dukani, akaketi. Barua tatu, zote za mwanamume mmoja. Akacheka peke yake, akafungua ya kwanza, ya Jumatano mchana.

“Mama, simu yako haipatikani. Majibu ya damu tuliyompima mumeo wiki iliyopita yametoka. Usimpe tena kile kidonge cha mgongo, hata kimoja, umlete hospitali leo hii.”

Ya mwisho ilikuwa ya Jumamosi.

“Mama, mbona kimya? Kama ameendelea kumeza hadi leo, figo zake sina tena namna ya kuziokoa.”