Nguo ya Ukoo wa Nguchiro

Zamani, ingawa si zamani sana kama wanyama wenyewe wanavyodai, Simba alitoa amri kwamba kila ukoo uje kisimani na nguo ya mababu zake. Atakayevaa ya wengine asinywe tena.

Siku ilipofika, Nguchiro na Kicheche walikutana wote wamevaa nguo ya mirabaraba, nyekundu kwa kijani.

"Vua!" alisema Nguchiro. "Babu yangu alipigana na Swila akiwa ndani ya nguo hii."

"Babu yako, bwana, alipigana uchi," alijibu Kicheche. "Pori zima lilimwona."

Simba akamwita Buibui, aliyewafumia wote.

"Hiyo ni nakshi yangu namba saba," alisema Buibui. "Amri ilipotangazwa, mlinijia nyote mbio. Nguchiro aliipenda, nikaibandika jina lake ili nisichanganye nguo za wateja. Kesho yake nikampa Kicheche kipande kilichosalia."

"Waongo! Hamtakunywa, nyote wawili!" alinguruma Simba.

"Na hiyo yako ya manjano, Bwana Mkubwa," Buibui alisema kwa upole, "ni namba moja."

Simba aliitazama shuka yake, kisha akasogea kando, akawapisha wanywe.

Mwaka uliofuata Nguchiro alifariki, akazikwa na nguo yake. Wanawe walimwendea Buibui, wakaagiza namba saba bila kuuliza lolote, wakaivaa matangani. Kuanzia siku hiyo ikawa kweli nguo ya ukoo wao.