Jina la Kanga ya Safari

Mama yake Amne alifariki alfajiri ya siku ambayo Amne angeondoka Unyambwa kwenda kuvionyesha viwanda vya Dar es Salaam kanga aliyoibuni. Alikuwa na hiyo moja tu, alizeti zake zote amezichora kwa mkono.

Shangazi alitoka chumbani walimokuwa wakimwosha marehemu, mikono ikichuruzika maji. "Mwanangu, tupe kanga mpya tumsitiri mama yako. Zake zimechakaa."

Amne akaikunjua ile ya safari. Shangazi akalisoma jina lake polepole: "Mama nisubiri, sikawii."

"Astaghfirullahi! Ukimfunika kwa maneno haya, unajiombea kifo."

"Nilimwandikia akiwa hai, shangazi."

Amne akatwaa mkasi, akalikata jina pamoja na pindo lake. Kanga akampa shangazi. Ukanda wa maneno ukabaki kiganjani mwake.